Hakimu Ndani ya Kopo la Maziwa

Palma, 4 Mei 2025

Fauzi, mdogo wangu,

Mtoto amefika salama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolingoja, na mimi si mkatili kama unavyowaambia wenzako hapo kambini kwa wavuvi. Mwanao Zuleica ameshuka kwenye chapa, hiyo basi ndogo ya kutoka Olumbi, ana vumbi mpaka kwenye kope, hana homa, amekula wali na samaki wa nazi, amelala. Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Simu yako imezama, na hata ingekuwa hai, hapo kisiwani Rongui isingeshika mtandao. Sisikitiki. Kwenye simu hunikatiza. Barua hii utaisoma mpaka mwisho, hata ukinuna, maana Latifo atakapokuletea kwenye boti yake hutakuwa na kingine cha kusoma.

Ulisema unaniletea mtoto mmoja asome shule, wewe utengeneze mota za wavuvi kwa utulivu. Nimepokea wawili. Alishuka amekumbatia kopo la maziwa lenye matundu kwenye kifuniko. Nikamwuliza:

"Ndani mna nini?"

"Povu."

"Povu la sabuni?"

"Ndilo jina lake, Shangazi. Ni chura."

Chura! Nyumbani kwangu! Mtu mzima, mwalimu, mwanamke aliyeandikia utawala barua juu ya kisima mpaka kikafukuliwa, nageuzwa mlezi wa chura mdogo kama kucha ya dole gumba. Niliamua palepale kwamba kesho yake anatoka. Halafu akapita jirani yangu Abibo, yule muuza madumu mwenye maoni juu ya kila kitu, akachungulia kopo, akasema chura ndani ya nyumba ni mlango wa husuda, nimtoe mara moja. Nikamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuua chura. Akasema, "Sikusema umuue, Mwalimu, nimesema umtoe." Nikamwambia nyumba hii ina mwenyewe. Alipoondoka nikagundua kwamba nimeshamtetea chura, na kurudi nyuma mbele ya Abibo siwezi. Kwa hiyo anabaki. Kwa sasa.

Lakini kuna jambo linalonikera zaidi. Mtoto hafungui begi. Amelifunga kwa kamba, ameliweka nyuma ya mlango. Nikamwambia atoe nguo nizipange sandukuni. Akanijibu kwa adabu: "Zinapumzika, Shangazi." Nguo zinapumzika! Na kandambili zake analala nazo kando ya mto wa kulalia, ncha zimeelekea mlangoni. Najua mmekimbia vita mara nyingi, wewe, yeye na marehemu mkeo, kutoka hapa kwenda pale. Lakini nyumba yangu si kituo cha chapa.

Nieleze chura anakula nini, na kwa nini hukunitajia habari zake.

Dada yako asiyekubaliana nawe,
Cadija


Rongui, 11 Mei 2025

Dada Cadija, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya injini, na nilipofika kwenye neno "salama" nikaisimamisha hapo kwanza, nikanywa maji. Ahsante. Mengine yote unaweza kunitukana utakavyo.

Nilikuficha habari za chura kwa sababu ningekuambia ungesema hapana, nawe ukishasema hapana hata bahari haikugeuzi.

Historia yake ni hii. Wakati wa mvua, shambani Olumbi, kulikuwa na tawi limeinama juu ya dimbwi, na kwenye tawi povu jeupe limening'inia. Zuleica alidhani kuna mtu amefua. Siku moja povu likalainika, viluwiluwi wakaanza kudondoka majini kama matone. Akawa anashinda pale. Wengi waliliwa na ndege. Huyu alipotoka majini akamrukia mkononi, basi, wakawa ndugu.

Anataka mdudu anayetembea, aliyekufa hamtambui. Inzi, panzi mchanga, mchwa, vipepeo wadogo wanaofuata taa. Maji ya kisima kwenye kifuniko cha chupa, na kijiti cha kupandia, maana huyu si chura wa matope, ni chura wa mitini. Kabla ya kumshika, nawa utoe chumvi na sabuni. Ngozi yake inakunywa kila kitu.

Na nakuomba jambo moja, Dada. Usimtoe, na usimwache adhoofike. Kuna sababu yake. Nitakueleza nikija.

Mdogo wako,
Fauzi


Palma, 17 Mei 2025

Baba yangu mpenzi,

Mimi mzima. Huku kwa Shangazi kuna kisima, kuna umeme siku zingine, na kuna vitabu vingi kuliko sufuria. Shangazi anagombana na redio. Redio inasema, yeye anaijibu, na redio haimsikii lakini hachoki.

Shule ni nzuri kidogo. Mama Amélia, jirani wa pili, yule aliyetoka nyanda za juu za Mueda, ananisuka.

Baba, nakumbuka ulivyoniambia nilipong'ang'ania mlango wa chapa sitaki kuondoka. Ulisema: Povu akiikubali nyumba ya Shangazi, nami niikubali. Povu akiikataa, utakuja kunichukua, tukae wote Rongui. Nimemtazama kila siku. Jana alikula inzi, lakini nadhani alikosea. Leo hakula. Amekunja miguu chini ya tumbo, amejibana kwenye kijiti, hanitazami.

Nadhani anakataa.

Sijamwambia Shangazi. Begi liko tayari.

Mwanao,
Zuleica


Rongui, 24 Mei 2025

Zuleica, mboni yangu,

Barua yako imenuka mafuta ya samaki kwa sababu Latifo aliiweka mfukoni pamoja na chakula chake, lakini maneno yote yamefika.

Ahadi ni ahadi. Ila usimsemee Povu. Chura mgeni hula leo, kesho akafunga, na anajikunja ili asipoteze maji. Mletee wadudu kwa moyo mmoja, usimletee ukiwa unaomba asile. Akikataa, akatae mwenyewe.

Hapa tunalala watu wengi kwenye banda moja la makuti, wanaume peke yetu, na shule hakuna. Nimeandika hili ulijue tu.

Msalimie Shangazi. Anapiga kelele kwa sababu anaogopa kunyamaza. Alikuwa hivyo tangu utoto wetu.

Baba


Palma, 8 Juni 2025

Fauzi,

Andika siku hii. Chura wako amekula kutoka mkononi mwangu.

Usicheke. Nilikuwa na mchwa kwenye ncha ya ujiti, nimekaa nao mpaka kiuno kikauma, nikimsomea kwa sauti makala niliyoandikia redio ya jamii juu ya walimu wanaopiga watoto. Nilipofika kwenye hoja yangu ya pili, akautoa ulimi na mchwa akatoweka. Nimehutubia vikao vingi maishani, sijapata msikilizaji wa namna hiyo.

Mchwa nachimba nyuma ya jiko. Amélia alinikuta nimepiga magoti, nina jembe.

"Mwalimu, unatafuta hazina?"

"Natafuta chakula cha mgeni."

"Kwetu juu mchwa wanono hivyo tungekaanga wenyewe, mgeni akapewa muhogo!"

Abibo naye alisimama uani kwake akitikisa kichwa. Nilichimba kwa nguvu zaidi ili anione vizuri.

Shuleni nimeshinda vita nyingine. Director, mkuu wetu wa shule, alitaka kumchapa mvulana aliyesemekana kavunja kioo. Nikasimama mlangoni, nikamwambia hapigwi mtu hapa kabla ya kusikilizwa, na kusikilizwa maana yake ni kusikilizwa kweli, siyo kumwacha aseme huku fimbo imeinuliwa. Director akaishusha fimbo. Walimu wengine wakajifanya wanasahihisha madaftari.

Hapa nyumbani palitokea jambo dogo la utundu. Zuleica alichezea jiwe la marehemu mama la kusugulia msiro, ule uji mweupe wa kujipaka usoni, akampaka chura mwili mzima mpaka akawa mweupe kama mwali anayetolewa nje. Nililimaliza kwa haki na kwa upole. Tangu Alhamisi haongei nami sana, lakini nadhani ni umri.

Begi bado linapumzika nyuma ya mlango. Wewe unalielewa hilo? Mimi nimeanza kupita mlangoni upandeupande ili nisiligonge, kana kwamba kuna mtu amelala pale.

Dada yako,
Cadija


Palma, 9 Juni 2025

Baba,

Njoo unichukue.

Nitakueleza kwa mpangilio kama Shangazi anavyotaka watu waeleze. Alhamisi hatukuwa na masomo mchana. Nikamtoa Povu kwenye kopo, nikamweka kwenye fito ya dirisha apate hewa. Halafu nikachukua jiwe la msiro la bibi na kile kijiti cha mti wake, nikatia maji, nikasugua kidogo mpaka ule uji mweupe ukatoka, nikajipaka shavu moja. Shavu moja tu. Nilitaka ile harufu. Mama alikuwa ananukia hivyo akirudi kisimani. Nikaenda kulala na shavu langu.

Shangazi aliporudi akaniamsha. Povu alikuwa dirishani, mweupe kote, mgongo, miguu, mpaka kope. Nami nilishtuka.

"Nani amechezea jiwe?"

"Mimi."

"Nani amempaka chura?"

"Sijui."

"Jiwe limelowa. Shavu lako jeupe. Chura mweupe. Nitafute ushahidi gani mwingine, nimwite Abibo?"

Akasema kumpaka kiumbe mdogo ni kumziba pumzi, naye hakosi kweli. Akamtia kwenye bakuli la maji kivulini, akamsugua kwa kidole polepole, akaenda kuswali. Alipomaliza Povu alikuwa ameanza kurudi rangi ya udongo. Akasema, "Unaona? Umetoka." Nikamwuliza, mbona maji ya bakuli hayajawa meupe? Akasema nisijibizane na mkubwa. Yeye anajibizana na redio kutwa!

Sasa jiwe la bibi amelifungia sandukuni na sitaligusa tena.

Baba, mimi sikumpaka. Nyumbani tuko wawili. Kama si mimi, hesabu ni rahisi. Nadhani Shangazi hataki tukae, ndiyo maana anatafuta kosa. Povu amekataa, nami nimekataa.

Viatu nimeshavaa.

Zuleica


Rongui, 15 Juni 2025

Dada Cadija,

Barua mbili zimefika kwa boti moja, yako na ya mtoto. Yako inasema haki na upole. Yake sitaikariri, ila nitakuuliza swali la kijinga na unijibu bila hotuba: ni wewe uliyempaka chura msiro?

Kama si wewe, na yeye anaapa si yeye, basi mimi nimechanganyikiwa.

Na sababu niliyokuficha ni hii. Siku ya safari Zuleica alishika mlango wa chapa kwa mikono miwili, dereva anapiga honi, abiria wananitukana. Nikamwambia Povu akiikubali nyumba yako naye aikubali, Povu akikataa nitakwenda kumchukua. Lilikuwa neno la kumfungua vidole tu. Lakini amelishika kuliko alivyoushika mlango.

Kwa hiyo nakuja. Latifo ana mzigo wa kuleta huko mwishoni mwa mwezi, nitapanda naye. Mtoto siwezi kumleta kwenye banda hili, itabidi niache kazi, na mota za hapa ndizo zinazotulisha. Sijui tutakwenda wapi. Nimekwisha kumwambia mwenye kambi.

Nisamehe.

Fauzi


Palma, 22 Juni 2025

Fauzi bin mama yangu!

Kwa hiyo nimeshitakiwa, sikupewa wito! Tangu mwezi uliopita nyumba yangu iko kizimbani, wali wangu, sauti yangu, kitanda nilichompa mtoto, vyote vinapimwa, na hakimu ni chura! Mimi nachimba mchwa, kumbe namlisha hakimu! Ningejua ningempa wale wembamba, nisije nikaambiwa nimetoa hongo.

Ningeendelea kwa kurasa tatu, maana hasira ninayo ya kutosha. Lakini hasira hiyo imekatwa miguu na jambo nililoliona kwa macho yangu Jumatano, na nitalieleza kama lilivyokuwa, bila kujipamba.

Nililifungia jiwe la msiro sandukuni, ufunguo nikauning'iniza shingoni. Jumanne chura akawa mweupe tena. Nikajisemea, huyu mtoto ana msiro mwingine, ameupata kwa Amélia. Jumatano darasa lake lilitoka mapema, nami nikaomba ruhusa shuleni, nikarudi kabla ya adhuhuri, nikaingia kwa mlango wa uani, nikajificha nyuma ya pazia nimkamate. Chura alikuwa kwenye fito ya dirisha, rangi ya udongo, amekaa zake. Nikasikia mtu anapumua chini ya meza.

"Unafanya nini chini ya meza?" nikamwuliza.

"Namlinda Povu."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yako, Shangazi. Na wewe nyuma ya pazia?"

"Namlinda dhidi yako."

"Basi tukae."

"Tukae."

Tukakaa, Fauzi, kila mtu na maficho yake, hakuna aliyekubali kutoka kwanza. Jua likazunguka shina la mpapai, likaingia dirishani, likamfikia. Chura akakunja mikono chini ya kidevu, akafumba macho. Na mgongo wake ukaanza kufifia. Kwanza kama nguo iliyosahauliwa kambani, kisha kama majivu, kisha mweupe kabisa, mpaka ncha za vidole, mbele yetu wawili, hapana mkono uliomgusa. Anajipaka mwenyewe! Jua likiwa kali anavaa nyeupe limpite, kivuli kikirudi anavua. Siku ile nilipomweka kivulini na maji, hakuoshwa. Alitulia tu.

Zuleica akatoka chini ya meza. Nami nikatoka nyuma ya pazia, nimejifunga nalo kichwani kama mwizi. Tukatazamana. Naye alikuwa anadhani ni mimi! Karibu wiki mbili tumelala chumba kimoja, kila mmoja anamwona mwenzake mtesaji wa vyura!

Nikamwambia, "Nimekosa."

Akaniuliza, "Na maji ya bakuli?"

"Maji ya bakuli yalikuwa shahidi wako, nami nilimfukuza shahidi."

Akafikiri. Halafu akasema, "Sema kwa sauti. Siku ile ulisema kwa sauti, Abibo alisikia." Mtoto huyu ametoka kwetu, hana haja ya cheti. Nikatoka uani, nikasema kwa sauti ile ninayowasemea wakubwa, kwamba Zuleica hakumpaka chura, kwamba nilimhukumu kabla ya kumsikiliza, mimi niliyemsimamia mtoto wa watu mbele ya director. Amélia akapiga vigelegele, nadhani kwa kunidhihaki. Abibo akauliza kutoka ng'ambo ya ua, "Mwalimu, unamwomba radhi chura?" Nikamwambia, naye pia.

Tulicheka, Fauzi. Sijui nani alianza. Ugomvi ule ulikuwa mzigo, na ulipotuliwa ndipo nikajua uzito wake. Jioni nikamfungulia sanduku, nikampa jiwe. Sikumpa alichezee. Nimempa liwe lake. Akasugua, akajipaka mashavu yote mawili, akanipaka na mimi. Ananukia kama marehemu mamake, na kama mama yetu, nami ilibidi nitoke nje nikakague kuku, na kuku sina.

Sasa wewe na ahadi yako. Sitakuambia usije. Ahadi kwa mtoto haivunjwi na mtu mzima kwa sababu tu imemgharimu. Lakini kesi iendeshwe kwa haki! Hakimu anayetolewa kupunga hewa kisha akarudishwa koponi hawezi kuhukumu, atakubali chochote ili afunguliwe, au atakataa kila kitu. Nimemwambia hivyo Zuleica, naye kasema ni kweli. Kwa hiyo kesho asubuhi tunaondoa kifuniko, madirisha wazi, mlango wazi. Akienda, ameikataa nyumba, na wewe uje umchukue mwanao, sitasema neno. Akibaki, amebaki.

Yeye ndiye aliyeshika kifuniko kunionyesha kitakavyotoka. Kisha akakirudisha, akakikaza. Nami nikakikaza tena.

Nataka akae. Nimeandika sentensi hiyo mara nne na mara zote imegeuka kuwa hoja, kwa hiyo nimefuta hoja nikaiacha peke yake.

Cadija


Rongui, 28 Juni 2025

Dada,

Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza nani amekufa. Wewe nyuma ya pazia, yeye chini ya meza! Halafu nikafika mwisho, nikaacha kucheka.

Mota ya Latifo imekufa, na mimi ndiye fundi, kwa hiyo siwezi kuondoka mpaka niifufue, na kipuri kinatoka mbali. Nitachelewa. Mwenye kambi kasema nafasi yangu ataishika mpaka nijue la kufanya. Barua hii naipeleka kwa boti ndogo ya jirani.

Niambieni tu: yuko?

Fauzi


Palma, 6 Julai 2025

Baba yangu mpenzi,

Shangazi alitaka kukuandikia yeye, nikamwambia kesi ni yangu. Amekubali, lakini amekaa hapa pembeni anajifanya anasoma.

Tulitoa kifuniko asubuhi. Povu hakutoka. Tulikaa tukamtazama mpaka Shangazi akachelewa shule kwa mara ya kwanza tangu nifike huku. Niliporudi mchana kopo lilikuwa tupu.

Nilimtafuta kwenye viatu, kwenye mtungi, ndani ya sufuria. Shangazi aliporudi akatupa mkoba, akaanza kutoa vitabu vyote kwenye rafu, kimoja kimoja, anakitikisa. Mama Amélia alitafuta bafuni. Hatukumpata. Jioni tulikula, redio haikufunguliwa. Shangazi akasema, "Haya. Kesho nitakusaidia kufunga kamba ya begi vizuri, imelegea." Sauti yake ilikuwa ndogo, Baba, sikujua kama anayo sauti ndogo. Nikasema sawa. Nilipolala nikagundua kwamba nilikuwa nataka begi lipotee.

Asubuhi hakukuwa na chura. Mchana nilikuwa ndani nimemshikia Shangazi begi, anavuta kamba, tukamsikia Abibo anapiga kelele kutoka uani kwake:

"Mwalimu! Chura wako amekaa juu ya mlango wako, mweupe kama kanzu ya Idi, anawatazama watu wawili wajinga!"

Tukatoka mbio. Kweli. Juu ya mlango kabisa, kwenye ule mti wa kizingiti cha juu, pale jua linapopiga, amekunja mikono, amejipaka msiro wake. Tulikuwa tumepita chini yake tangu jana, tunaingia na kutoka, tunalia.

Shangazi hakumjibu Abibo neno. Mama Amélia kasema hayo ndiyo maajabu, chura ni kitu cha kawaida.

Nilingoja siku chache zaidi nisije nikamsemea. Magharibi anateremka ukutani, anaingia ndani, anakwenda mpaka kwenye mtungi, analowanisha tumbo. Halafu anapanda karibu na taa ya barazani, anakula vipepeo. Asubuhi yuko juu ya mlango. Hakuna anayemfungia. Mpapai uko hapohapo, angeweza kwenda, na nyumba ya Abibo iko wazi, angeweza kwenda. Juzi Abibo alileta panzi ndani ya chupa, akasema amemkuta tu, hakumtafuta.

Kopo sasa tunawekea vijiti vya msiro. Begi nimelikunja, liko chini ya kitanda, ndani hamna kitu. Nguo zimeshapumzika, ziko sandukuni pamoja na za Shangazi. Leo nilipoamka sikuona kandambili zangu, nikazitafuta kote. Ziko nje, Baba. Nilizisahau nje usiku kucha.

Mwambie mwenye kambi unabaki na kazi yako. Lakini mota ya Latifo ikipona, njoo utuone. Ukifika usisukume mlango. Simama mbali kidogo, ubishe hodi. Nitatoka kwanza nitazame juu, nione Povu amekaa wapi, ndipo nikufungulie.

Karibu kwetu.

Zuleica